Washtakiwa Tisa wa Benki ya Alton

Mwanzoni mwa karne ya 19 mji mdogo wa Alton, katika jimbo la Hampshire kusini mwa Uingereza, ulikuwa na vitu viwili vya kuringia: bia na barabara. Bia ilitengenezwa hapohapo. Barabara iliwaleta abiria wa magari ya farasi kutoka London na Winchester, wakashuka kunyoosha miguu na kuinywa. Mwaka 1806 kikaongezeka cha tatu, benki. Iliitwa Austen, Gray na Vincent, kwa majina ya wenye mali, maana siku hizo benki ilikuwa na wenyewe kama duka lilivyo na mwenyewe.

Mwishoni mwa 1815 ikafunga milango. Tarehe 15 Machi 1816 benki mwenzake ya London, Austen, Maunde na Tilson, nayo ikatangazwa kufilisika. Ukoo wa akina Austen ukabaki kuulizana nani alitia sahihi wapi, na kwa kiasi gani.

Miaka mia mbili imepita na lawama bado hazijagawanywa vizuri. Basi nimewapanga washtakiwa tisa, kuanzia asiye na kesi kabisa mpaka mwenye kesi yote. Hakimu ni mimi na rufaa hakuna.

9. Jane Austen, mteja

Ndiyo, ni huyohuyo mwandishi wa riwaya. Mwenye benki, Henry Austen, alikuwa kaka yake, na tangu 1809 Jane alikuwa akiishi Chawton, kijiji ambacho ukitembea bila haraka unafika Alton kwa nusu saa. Kosa lake ni kwamba alikuwa na akaunti katika benki ya kaka yake kule London. Benki ilipoanguka alipoteza pauni 13 na ushei, sehemu ya faida ya riwaya ya Mansfield Park.

Kabla hujaanza kumlilia, tazama alikoziweka nyingine. Pauni 600 zilizotokana na vitabu vyake zilikuwa kwenye hati za deni la serikali, zile za Jeshi la Majini zilizolipa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Kaka ana benki, dada anaikopesha serikali! Ukitaka kujua benki fulani ni salama kiasi gani, achana na meneja. Mwulize dada yake anaweka wapi akiba.

Kesi imefutwa. Nimemwita tu kwa sababu bila yeye hakuna mtu angeikumbuka Alton. Kati ya 1814 na 1816 benki 89 za mikoani zilitangazwa mufilisi nchini humo, na karibu zote zimesahaulika zenyewe na madeni yake.

8. Bunge la mwaka 1708

Wabunge wa mwaka huo walipitisha sheria kwamba ndani ya England benki yenye wabia zaidi ya sita isitoe noti, isipokuwa Benki ya England peke yake. Nia ilikuwa kuilinda benki hiyo kubwa isipate mshindani. Ilichozaa ni kwamba kila mji ulijipatia kibenki cha watu wawili watatu, mtaji wake ni mifuko yao, na mmoja akifa au wakigombana, biashara nzima inayumba. Hakukuwa na kikomo cha dhima pia. Benki ikianguka, mbia anadaiwa mpaka kiti alichokalia.

Kule Uskoti sheria hiyo haikufika. Benki zilikuwa na wabia kwa makumi, na zilistahimili misukosuko vizuri zaidi. Wabunge wa London walikuwa na mfano huo jirani kabisa. Wakautazama, wakatafakari, na mwaka 1826 wakarekebisha sheria, baada ya benki nyingine kwa makumi kuporomoka katika majira ya baridi ya 1825. Miaka 118. Hakuna atakayesema walikurupuka.

7. Bwana Gray wa dukani

Edward William Gray, mbia wa Alton, alikuwa muuza vyakula. Usicheke. Benki nyingi za mikoani zilianza hivyo. Mtu ana duka, au kiwanda cha bia, au ofisi ya uwakili, ana na sanduku la chuma lenye kufuli la maana. Majirani wanamwomba awatunzie fedha, wengine wanamwomba awakopeshe hizohizo, na baada ya miaka kadhaa anaona heri atundike kibao. Asubuhi unanunua kwake sukari, mchana unamkabidhi akiba ya mwaka, na aproni ni ileile.

Wako watakaosema hapo ndipo penye tatizo: benki na sukari wapi na wapi? Mimi nawabishia. Mwenye duka anamjua kila mtu mjini. Anajua nani analipa mwisho wa mwezi, na nani akimwona anavuka barabara kwenda upande wa pili kana kwamba amekumbuka jambo. Kwa anayetaka kukopesha, elimu hiyo haina chuo. Kama Henry angemkopesha fedha yule tu ambaye Gray angekubali kumpa mchele kwa mkopo, makala hii isingeandikwa.

Gray naye alifilisika. Namwachia huru kwa onyo.

6. Noti yenyewe

Hebu tuikague. Ni karatasi nyembamba, imechapwa upande mmoja tu kwa bamba la shaba lililochongwa maandishi ya madoido. Nambari na tarehe zimeandikwa kwa mkono, kwa wino, na chini kuna sahihi ya mbia mwenyewe. Maneno yake ni ahadi: aliyeishika noti hii atalipwa atakapotaka, hapahapa mjini au kwa wakala wa benki kule London.

Alipwe nini? Hapo sasa. Februari 1797 kikosi kidogo cha Wafaransa kilitua Fishguard, pwani ya Wales, na watu wakakimbilia benki kudai dhahabu yao. Wafaransa walisalimu amri ndani ya siku mbili. Dhahabu haikurudi kaunta kwa miaka ishirini na zaidi, maana serikali iliiamuru Benki ya England iache kulipa dhahabu, na amri ikadumu mpaka 1821. Kwa hiyo ukiipeleka noti ya Alton kaunta, unapewa noti ya Benki ya England, na ukiipeleka hiyo kwa wenyewe, unapewa salamu. Karatasi ililipwa kwa karatasi.

Ukiwa upande wa pili wa kaunta, mchezo huo ulikuwa mtamu. Mkulima analipwa kwa noti za Alton, anamlipa mhunzi, mhunzi anamlipa mwenye baa, mwenye baa anazirudisha benki. Siku zote noti inapozunguka mitaani, mwenye benki anatumia fedha ya watu bila kuwalipa riba hata peni. Ndiyo maana benki za mikoani, zilizokuwa kama 230 mwaka 1797, zilikaribia 700 kufikia 1810. Sharti la mchezo lilikuwa moja tu: wenye noti wasije wote siku moja.

Na tukiwa kwenye noti, mwaka 2017 Benki ya England ilitoa noti ya pauni 10 yenye sura ya Jane Austen. Chini ya picha wakaweka maneno kutoka riwaya yake yanayosifu raha ya kusoma. Wasomaji wake wakavunjika mbavu, kwa sababu kitabuni maneno hayo yanasemwa na Caroline Bingley, bibi asiyejali vitabu hata kidogo, anayejifanya anasoma ili bwana mmoja tajiri amtazame. Akina Austen na noti, kumbe hata baada ya miaka mia mbili ahadi haiendani na kilichomo ndani.

5. Amani

Wengi wangeiweka amani nafasi ya kwanza, na hoja zao si za kubeza. Benki ya London ya Henry ilizaliwa na vita. Yeye mwenyewe alikuwa ofisa wa wanamgambo wa Oxfordshire na mlipaji wa mishahara yao. Alipoacha jeshi mwaka 1801 akawa wakala wa vikosi: mishahara ya askari inapita mikononi mwake, naye anakata ada yake. Vita dhidi ya Napoleon vikiendelea, ada inaendelea. Tarehe 18 Juni 1815 wakamalizana Waterloo, kengele za makanisa zikalia nchi nzima, na nina hakika Henry alishangilia kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa maana ndivyo alivyokuwa. Wanamgambo wakarudishwa majumbani. Ada ikarudi nao.

Mashambani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1812 ngano ilifika shilingi 126 kwa kota, kile kipimo chao cha nafaka. Wakulima wakakopa, wakalima mpaka vilimani, wakapandishiwa kodi ya mashamba na wakaikubali. Kufikia 1815 bei ilikuwa shilingi 65. Bunge likapiga marufuku ngano ya nje isiingie mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80, na bei ikawatazama wabunge, ikabaki chini. Mkulima aliyekopa kwa bei ya 1812 hawezi kulipa kwa mavuno ya 1815, na katika mji kama Alton kila mdaiwa ni mkulima, au anamwuzia mkulima kitu.

Yote kweli. Lakini rudi kwenye hesabu. Benki zilikuwa karibu 700, zilizotangazwa mufilisi katika miaka ile mitatu ni 89. Bei ya ngano ilikuwa ileile kwa wote. Wengine walishaanza kukaza mikopo huku Henry akiwa bado anafungua pochi. Amani tunaipa nafasi ya tano na isituombe zaidi.

4. Maunde na Tilson

Wabia wa London. Walikuwepo. Majina yao yalikuwa mlangoni pamoja na la Henry, wakagawana faida, wakaanguka naye. Kama mmoja wao aliwahi kumwambia “Henry, ndugu yangu, tuangalie daftari kwanza,” hakusikika. Kwa kukaa kimya, nafasi ya nne.

3. Lord Moira

Sasa tunaingia kwenye nyama. Francis Rawdon-Hastings, mwungwana wa Ayalandi aliyejulikana kama Lord Moira, alikuwa jenerali na rafiki wa chanda na pete wa mwana wa mfalme. Alikuwa mkarimu kiasi cha kutisha, kwa fedha za wengine. Aliwakaribisha Wafaransa wa ukoo wa kifalme waliokimbia mapinduzi kwao, akawalisha na kuwanywesha. Alikopa harusi akalipa matanga, isipokuwa kwamba matanga nayo aliyakopa.

Mwaka 1813 alikwenda kushika kazi ambayo kila mdaiwa angeiota, Ugavana Mkuu wa India. Cheo kikubwa, mshahara mnono, na miezi ya safari ya bahari kati yako na watu wanaokudai. Kabla ya kupanda merikebu alihitaji fedha. Henry Austen akampa pauni 6,000.

Tuisogeze karibu hiyo namba. Mwaka uliotangulia, Jane alikuwa ameuza haki zote za riwaya ya Pride and Prejudice kwa pauni 110. Alichomkopesha Henry bwana mmoja anayeondoka nchini kingenunua Pride and Prejudice hamsini na nne, na chenji ibaki.

Utasema Henry alikuwa mpumbavu. Hapana, alikuwa na hesabu yake, na ilikuwa ya kawaida kwa zama zile. Ukimkopesha mkubwa, hununui riba, unanunua mlango. Mkubwa atakutaja kwa wenzake, utapewa vikosi vya kuhudumia, utapewa na kazi ya serikali. Tatizo ni kwamba mlango huo ulifunguka kuelekea Calcutta. Moira alitawala India miaka kumi, akapandishwa cheo kuwa Marquess wa Hastings, akaviongoza vita na kuvishinda. Zile pauni 6,000 hakuwahi kuzilipa.

Kuna nyongeza ambayo siwezi kuiacha. Moira alifariki mwaka 1826 melini, karibu na Naples, na aliacha maagizo kwamba mkono wake wa kulia ukatwe, uhifadhiwe, uje uzikwe pamoja na mke wake. Wakafanya hivyo. Wengine wanaona hicho ni kisa cha mapenzi. Akina Austen, nadhani, waliuliza kwanza kama huo ndio mkono uliotia sahihi.

2. Hazina ya Mfalme

Mwaka 1813, mwaka uleule wa Moira, Henry aliteuliwa kuwa Mpokezi Mkuu wa Kodi wa Oxfordshire. Jina la kazi linapendeza, lakini kilichompendeza zaidi Henry ni utaratibu wake. Wakusanyaji wa vijijini wanamletea kodi. Yeye anatakiwa kuzipeleka Hazina, London, lakini si leo na si kesho. Katikati hapo anazo. Anaziweka kwenye benki yake, anazikopesha, anapata riba, na siku ya kuwasilisha ikifika anawasilisha. Serikali haikuhitaji kumlipa sana mtu wa kazi hiyo. Muda ndio uliokuwa mshahara.

Kila mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikoba anaujua mtego huu: fedha iko kwako, siku ya mgawo iko mbali, na mtu wa shida amekaa sebuleni.

Hazina nayo haikuwa ya wajinga. Ilitaka wadhamini. Henry akazunguka kwa ndugu, na hapa ndipo maafa ya mji mmoja mdogo yalipogeuka maafa ya ukoo mzima. Kaka yake Edward alidhamini pauni 20,000. Edward alikuwa ametoka kwa wazazi akiwa kijana akalelewa na ndugu matajiri wasio na watoto, akarithi mashamba ya Kent na Hampshire, na kufikia 1812 akabadili hata jina, akawa Edward Knight. Nyumba ya Chawton walimoishi mama yao, Jane na dada yao Cassandra ilikuwa yake. Mjomba wao, James Leigh-Perrot, tajiri mwingine asiye na mtoto, akadhamini pauni 10,000.

Benki ilipoanguka, Mfalme hakupanga foleni na wadai wengine. Sheria ilimpa haki ya kuchukua kwanza, na alichokosa kwa Henry alikifuata kwa wadhamini. Edward akalipa. Mjomba akalipa. Kaka wawili zaidi, James kasisi na Frank wa jeshi la majini, wakapoteza mamia. Ile posho ya pauni 50 kwa mwaka ambayo Henry alikuwa akimtolea mama yake ikakatika.

Na kwa Edward haikuwa hiyo tu. Tangu 1814 alikuwa mahakamani, akidaiwa mali ya Chawton na familia iliyosema ndiyo warithi halali, mmoja wao akiwa mtengeneza bia wa Alton. Kesi hiyo ilikwisha 1818 kwa Edward kutoa pauni 15,000, akauza na miti ya msitu wake ili azipate. Angekuwa mtu mwingine angeuchukia mji wa Alton kwa maisha yake yote, bia yake na benki yake.

Kuhusu nyumba ya mjomba, neno moja. Mwaka 1799 mke wa mjomba alikamatwa Bath akituhumiwa kuiba kipande cha lesi dukani. Alikaa chini ya ulinzi miezi saba, akashtakiwa kwa kosa ambalo lingeweza kumpeleka uhamishoni Australia, na mwaka 1800 baraza likamwachia huru. Kesi ile ilihusu lesi ya shilingi 20. Henry alipoteza pauni 10,000 za mzee huyohuyo na hakukamatwa hata dakika moja. Mzee alifariki Machi 1817. Wosia uliposomwa, kila kitu kilikuwa kimeachwa kwa mkewe maisha yake yote, na wapwa wangoje. Jane, aliyekuwa tayari mgonjwa, alipata pigo kubwa kwa habari hiyo.

Tarehe 18 Machi 1816, siku tatu baada ya Henry kutangazwa mufilisi, Bunge lilipiga kura kuifuta kodi ya mapato nchini. Mtoza kodi alikuwa ameshatangulia kujifuta.

1. Henry mwenyewe

Tabasamu lile. Waliomjua walikubaliana kwamba alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na katika watoto wote wa Austen ndiye aliyejaliwa ulimi. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye mazungumzo na Henry akiwa amenuna. Ndivyo alivyompata Eliza, binti ya shangazi yake, mjane wa Mfaransa aliyekatwa kichwa wakati wa Mapinduzi. Ndivyo alivyowapata wateja, wadhamini na makamanda wa vikosi. Mwaka 1811 yeye na Eliza waliandaa jioni ya muziki nyumbani kwao Sloane Street, wakafurika wageni zaidi ya 60, wanamuziki wa kulipwa, maua kila kona. Benki ya mtu binafsi inatangazwa hivyo. Akionekana ana fedha, anapewa fedha.

Ubaya ni kwamba aliamini tangazo lake mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari, na Henry alikuwa na daftari, sema alilisoma kama barua ya mchumba: kila mstari ulikuwa na matumaini. Moira atalipa. Ngano itapanda. Alton itasimama.

Vuli ya 1815 aliugua vibaya nyumbani kwake Hans Place, mpaka ndugu wakaitwa wakidhani anakufa. Jane alikuwa hapo akimuuguza. Hebu ingia chumba kile. Kitandani yuko mwenye benki mwenye homa. Mezani ziko karatasi za riwaya ya Emma zinazotoka kwa mpiga chapa kusahihishwa. Anaingia daktari, ambaye ni daktari wa mwana wa mfalme pia, na katika maongezi anamwambia Jane kwamba mwana wa mfalme ni mpenzi wa vitabu vyake. Siku chache baadaye mtunza maktaba wa jumba la mwana huyo wa mfalme anamwalika, anamtembeza humo, na kumdokeza kwamba ana ruhusa ya kuitabaruku Emma kwa bwana mkubwa. Jane alikuwa hampendi bwana huyo. Akaitabaruku. Na wakati wote huo, mwendo wa siku moja kwa gari la farasi kutoka hapo, Alton ilikuwa ikizama.

Kwa nini basi nimpe nafasi ya kwanza, na si Moira? Kwa sababu Moira alikuwa mdaiwa tu, na wadaiwa wabovu kila benki inao. Aliyeamua kwamba duka dogo la Alton, mishahara ya askari, kodi za Oxfordshire, mkopo wa bwana mkubwa na jina la kaka yake viingie mfuko mmoja ni Henry. Kila kimojawapo kingeweza kuanguka peke yake na watu wakalala usingizi.

Na hili ndilo linalowaudhi wanaopenda hadithi za haki: hakuvunjika moyo. Mwanzoni mwa 1816, mwaka uleule wa aibu, alikwenda kwa mchapishaji aliyekuwa amenunua riwaya ya Jane kwa pauni 10 mwaka 1803 na kuifungia kabatini. Akamrudishia pauni zake 10, akapewa mswada. Familia ilisimulia kwamba alipokwisha kuushika mkononi ndipo alipomwambia mchapishaji kwamba ameuza kitabu cha mwandishi wa Pride and Prejudice. Huo ndio mkataba bora kabisa Henry Austen aliowahi kufunga, na aliufunga akiwa mufilisi. Kitabu hicho ni Northanger Abbey.

Kabla ya mwaka kwisha akawa kasisi. Familia ilisimulia kwamba alijinoa sana kwa Kigiriki kabla ya kwenda kuhojiwa na askofu. Askofu akaweka mkono juu ya Agano Jipya la Kigiriki, akamwambia anadhani wao wawili hawajakifungua kitabu hicho miaka mingi, wakaendelea na mazungumzo mengine. Akapangiwa Chawton, msaidizi wa parokia, kwa mshahara wa gini 52 kwa mwaka, gini ikiwa ni zaidi kidogo ya pauni. Kwa mshahara huo, kumrudishia Edward peke yake kungemchukua zaidi ya miaka 360, bila kula. Mahubiri yake yalikuwa mazuri. Jane alimwandikia mpwa wao utani kwamba wayaibe mawili matatu wayatie kwenye riwaya zao.

Aprili 1817, Jane aliandika wosia wake. Alimwachia Cassandra kila kitu isipokuwa mafungu mawili. Pauni 50 zilikwenda kwa Henry. Pauni 50 nyingine zilikwenda kwa Madame Bigeon, mama wa Kifaransa aliyekuwa akiitunza nyumba ya Henry na Eliza miaka mingi, na ambaye wachambuzi wengi wanaamini akiba yake ilipotelea katika benki ile. Aliyeiangusha benki na aliyeangukiwa nayo wakapata sawasawa. Tofauti ni kwamba kufikia hapo Henry alikuwa na mshahara.